Masuali ya wasomaji: Nimerudi kwenye Photoshop nakuta kila kitu kimehama

SUALI: Assalaam alaykum dada. Mie nipo Wete. Zamani nlikuwa nafanya kazi studio moja Chake Chake, kazi yangu khasa ilikuwa kutengeneza picha za harusi kwenye kompyuta, wakati ule tukitumia Photoshop CS3, na wallahi nlikuwa naijua, mkono unakwenda wenyewe huku nazungumza na wateja. Mwaka 2011 nikaacha, watoto, mgonjwa nyumbani, mambo yakawa mengi. Sasa watoto wako skuli wote, kaka yangu kaniletea laptopu kutoka Unguja ina Photoshop mpya hii ya kulipia kila mwezi, kanambia atalipa yeye mpaka nisimame. Dada, nimeifungua nimebaki kuitazama. Skrini nyeusi, vitu vimehama, Ctrl+Z haifanyi nlivyozoea, nikiivuta picha na Shift sura inapanuka, nikitaka kuhifadhi JPG haimo. Nimetazama video mpaka bando likaisha na kila mtu anafundisha lake. Nimeanza kufikiri pengine kichwa hakishiki tena. Jee nianze moja kama mtu asiyejua kitu? Au niitafute ile CS3 niirudishe? Na hii AI, naambiwa ndo inafanya kazi yote saivi, ni kweli?
Mama Wawili, Wete

JAWABU: Waalaykum salaam bibie, karibu tena kwenye kazi. Kichwa chako kizima. Barua yako nimeisoma kwa utulivu na yote ulolalamikia humo, Ctrl+Z, Shift, JPG, hakuna hata moja ulilosahau wewe, ni mambo waliyoyabadilisha wenye programu baada ya wewe kuondoka. Watu wanayachanganya sana haya mawili, mtu anarudi baada ya miaka, anabonyeza kitu hakiendi, anajiona kasahau kila kitu, anarudi somo la kwanza kufundishwa brashi ni nini, anachoka, anaacha, na kumbe kilichomkwamisha ni vitufe vitatu vine tu.

Tuanze na Ctrl+Z. Kwenye CS3 yako ukibonyeza mara moja inarudi nyuma hatua moja, ukibonyeza tena inakurudisha pale pale ulipokuwa, na watu wa studio tulikuwa tukiitumia hivo kutazama kabla na baada, unabonyeza unabonyeza mpaka uridhike. Toleo la CC 2019, lililotoka Oktoba 2018, likaligeuza hilo, sasa kila ukibonyeza inazidi kwenda nyuma. Mkono wako unabonyeza mara mbili kwa mazoea, unapoteza hatua mbili, unabaki kujiuliza kazi imekwenda wapi. Kwenda mbele ni Ctrl+Shift+Z, na ile kabla na baada yako haikufutwa, imehamia Ctrl+Alt+Z.

Toleo hilo hilo ndo lililogeuza Shift. Zamani ukitaka picha ikue bila kupotoka unaishikilia Shift, sasa picha inajilinda wenyewe na ukishika Shift ndo unaipotoa. Yaani asiyewahi kujifunza anapata sawa na mwenye mkono wa zamani ndo anayeharibu, kwa hivo usijilaumu hata kidogo. JPG nayo ilihama mwaka 2021, kwenye Save As siku hizi kama picha yako ina leya (zile tabaka zinazolaliana juu ya picha) wanakuonesha aina za faili zinazoweza kubeba leya tu, JPG utaikuta Save a Copy. Na Ctrl+F, ile ya kurudia filta ya mwisho, imekuwa ya kutafuta, ukitaka kurudia filta ongeza Alt.

Yote haya yanarudishika. Undo ya zamani ipo Edit, Keyboard Shortcuts, utaona pahala pa kuweka alama; Shift ipo Preferences kwenye General; Save As ipo Preferences kwenye File Handling. Lakini mie nakushauri usirudishe kitu. Mkono utazoea mapema kuliko unavyofikiri, na ukesha kuzoea unaweza kukaa kwenye kompyuta yoyote, ya kaka yako, ya studio ya mtu, bila kuhangaika. Save a Copy khasa naipenda, kwa sababu inakulazimisha faili lako la leya libaki salama na JPG itoke pembeni. Na ile Ctrl+F mpya ndo msaada wako mkubwa: chombo hukioni kilipo, andika jina lake, inakupeleka.

Kitu kimoja tu ubadilishe leo hii, skrini nyeusi. Ilianza na CS6 mwaka 2012, watu wengi wanaipenda, lakini kwa mtu anayetoa picha kwenye karatasi weusi ule unamdanganya jicho, picha ikizungukwa na giza inaonekana inang'ara kuliko ilivyo, unaiacha hivo, ikitoka kwenye printa sura zimezama. Ingia Preferences, Interface, chagua kijivu cha kati, na mwanga wa laptopu upunguze, usiuache juu kabisa. Wateja wengi wanaolalamika kuwa picha imetoka giza, kosa si la printa, ni skrini ya mtengenezaji ilokuwa inawaka mno.

Sasa geuza upande wa pili. B bado brashi. S bado stempu ya kunakili kipande cha picha. J bado ile ya kuponya ngozi. Mabano ya mraba bado yanakuza na kupunguza brashi, X inageuza nyeusi na nyeupe, Ctrl+J inatoa nakala ya leya, Ctrl+L, Ctrl+M na Ctrl+U zipo pale pale, kitufe cha nafasi bado ndo mkono wa kusogezea picha. Fungua picha yoyote uweke mkono wa kushoto kwenye kibodi usifikiri, utaona vidole vinakwenda wenyewe. Na faili zako za PSD (faili za Photoshop zenye leya) za 2009 zitafunguka bila shida yoyote.

Ile CS3 iache bibie. Wenye programu walishaifunga seva ilokuwa ikihakikisha namba yake, kwa hivo hata ukipata diski halali usajili haukubali kirahisi, na hizi zinazopita kwenye flashi mitaani zimechakachuliwa na mara nyingi zinakuja na virusi, huo ndo mlango wa kupoteza picha za watu. Halafu haiwezi kufungua faili za RAW (picha ghafi, kabla hazijageuzwa JPG) za kamera zilizotoka baada yake.

Namna ya kurudi. Video ziweke pembeni kwanza, bando lako libaki. Tafuta kwenye CD zako picha moja ulotengeneza zamani ambayo unayo asili yake na unayo pia ilotoka kwenye mkono wako, na iwe ya mtu wa nyumbani, dada yako, binamu yako, usichukue ya mteja wa studio ile maana hizo hukupewa wewe. Chukua ile asili uitengeneze upya kwenye programu mpya bila kuitazama ya zamani. Ukimaliza ziweke mbili ubavu kwa ubavu. Hapo utajifunza zaidi ya video kumi, kwa sababu kila utakapokwama utakuwa umekwama kwenye kazi yako halisi, na utatafuta jawabu la hapo tu.

Na utaona kitu chengine, jicho lako limebadilika. Studio nyingi wakati ule zilikuwa zikilainisha ngozi mpaka sura inakuwa kama ya plastiki, na zikimfanya bi harusi mweupe kuliko mama yake na dada zake waliokaa pembeni. Nakwambia kwa moyo wote, hilo usirudi nalo. Mtoto wa Kipemba ana rangi yake nzuri, kazi yako ni kuitoa ile rangi kwenye taa za zambarau za ukumbini, kupunguza mng'aro wa paji la uso, kuondoa chunusi ya jana, basi. Alama ya kuzaliwa, mwanya, kovu la utotoni, muulize mwenyewe kabla hujagusa.

Chukua picha ya mikono ya bi harusi yenye hina na piko. Ikuze mpaka asilimia 100 kwa Ctrl+1. Tazama zile mistari myembamba ya piko zinavyopita juu ya vifundo vya vidole, kila mchoraji ana mkono wake, wengine wanamalizia kwa nukta, wengine kwa jani. Sasa jaribu vile vyombo vya kulainisha ngozi kwa kubonyeza mara moja: ile mistari myembamba ndo ya mwanzo kuliwa, programu inaiona kama kasoro ya ngozi. Ukijaribu kuijaza kwa AI, inakuchorea hina nyengine kabisa, nzuri kwa mbali, ukisogea haifanani na ya mkono wa pili. Bi harusi aliyekaa usiku kucha akipakwa ile hina ataijua. Hapa ndo pahala pa stempu na brashi yako ya zamani, kwenye leya tupu, brashi ndogo, taratibu. Buibui jeusi na kanzu nyeupe ni hivo hivo, kamera inavivuta vyote viwe kijivu, jeusi linapauka na nyeupe inachafuka, na hakuna kitufe kinachojua kuwa lile lilitakiwa liwe jeusi, wewe ndo unajua ulikuwepo.

Jambo moja khasa nataka ujifunze upya kama studio yenu haikuwa ikifanya. Wengi wakati ule tulikuwa tunapiga Levels (ya kurekebisha mwanga na giza) moja kwa moja juu ya picha, kompyuta zilikuwa na RAM ndogo, leya nyingi zinaigandisha. Siku hizi usiguse picha yenyewe. Marekebisho yote yaweke kwenye leya za marekebisho na maski (ya kuficha sehemu ya leya bila kuifuta), picha igeuze iwe Smart Object, yaani leya inayoihifadhi picha asili ndani yake, halafu Camera Raw Filter ipige juu yake, mteja akirudi baada ya mwezi akisema "nipunguzie wekundu" unafungua unapunguza, hukai kuanza upya. Na mambo haya mengi hata si mapya, leya za marekebisho zipo tangu 1996, Smart Object tangu CS2, na filta zinazofutika ziliingia na CS3 hiyo hiyo ulokuwa nayo.

Katika vipya vinavyostahili muda wako, cha mwanzo ni kuchagua. Unakumbuka ulivyokuwa ukikaa na chombo cha Pen kuzunguka nywele za watu? Tangu 2018 kuna Select Subject, inamkamata mtu kwa mbonyezo mmoja, halafu unaingia Select and Mask kusafisha ukingo. Kwenye shela nyepesi inayopitisha mwanga bado inakosea, inakata au inaacha kipande cha ukuta ndani yake, kwa hivo ukingo wa shela malizia kwa mkono. Kabla hujaitumia ingia Preferences, Image Processing, uiwekee ifanye kazi kwenye kompyuta yako na isiende kwenye mtandao, sababu nitakwambia saivi. Cha pili ni Remove, ilitoka 2023, unapaka juu ya waya wa taa au chupa ya maji ilosahauliwa chini ya kiti inaondoka, na juu pale kuna pahala pa kuizima AI, izime.

Sasa AI. Ile kubwa inayoitwa Generative Fill, ilotoka 2023, haifanyi kazi ndani ya laptopu yako. Unapoibonyeza, picha inasafiri kwenye seva za kampuni, inatengenezwa huko, inarudi. Kwanza inakula bando. Lakini la bando dogo. Wewe unapiga na kutengeneza picha za harusi za wanawake wa Pemba. Ukumbini wanawake wamevua buibui, wamejipamba, wamekuruhusu wewe kwa sababu ni mwanamke mwenzao na wanajua picha zile zinakwenda kwenye albamu yao na kwa mume wa bi harusi, hazitoki hapo. Hiyo ni amana. Mtu anakuja kwako na hakwenda kwa wale vijana wa simu wa dakika mbili kwa sababu hiyo moja. Kwa hivo picha ya mwanamke aliyefunuka kichwa usiipitishe kwenye kitu chochote kinachoituma nje ya chumba chako, si Generative Fill, si programu za simu za kupamba sura, na wale wanaohifadhi kazi zao mtandaoni wajue wamehifadhi nini. Picha ya mandhari ya Manta au ya karafuu zilizoanikwa, itumie utakavyo. Na mwambie mteja wazi unavyofanya, mwambie picha zake zinakaa kwenye diski yako na baada ya muda fulani mlokubaliana unazifuta. Nna hakika neno hilo litakuletea wateja Wete nzima.

Na umeme ukikatika: Photoshop tangu CS6 inajihifadhia nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, ingia File Handling uishushe iwe dakika 5. Betri ya laptopu itakusaidia lakini ikichoka usiamini.

Na RAM itazame, wenyewe wanasema 8 GB ni kiwango cha chini na 16 ndo ya raha. Kama kaka kakuletea ya 8 utafanya kazi, ila usifungue picha ishirini pamoja, na YouTube uifunge.

SUALI: Dada mie nipo Jang'ombe, sina wa kunilipia kila mwezi. Nilikuwa natumia GIMP 2.6, ile programu ya picha ya bure, chuoni, ile ya madirisha yanaelea elea. Kompyuta yangu ina RAM 4 GB. Nirudi huko huko au nimepitwa?
Kijana wa Jang'ombe

JAWABU: Rudi huko huko mdogo wangu, hujapitwa. Yale madirisha yaliyokuwa yakipotea nyuma ya mengine yalishawekwa pamoja, kuanzia GIMP 2.8 ya 2012 unaweza kuyakusanya kwenye dirisha moja. Toleo hilo hilo ndo lililoleta jambo litakalokukasirisha siku ya kwanza, ukihifadhi inakuhifadhia XCF tu, faili la GIMP yenyewe, JPG inatoka kwa Export. Zoea, ni kwa faida yako. Halafu Machi 2025 ikatoka GIMP 3.0, na hiyo ndo sababu ya kurudi, filta sasa zinakaa juu ya leya bila kuila, unaweza kuzifungua tena ukabadilisha, kitu ambacho watu wa GIMP walikisubiri miaka mingi sana. Faili za PSD inafungua, ila leya za marekebisho za Photoshop usitegemee zije kamili.

Kwa 4 GB itakwenda, fungua picha moja moja. Ukipelekewa PSD na mtu mwengine na GIMP ikaivuruga, jaribu Photopea, inafunguka kwenye kivinjari, vyombo vimepangwa kama Photoshop, na kazi inafanyika ndani ya kompyuta yako, picha haipandishwi kokote. Tatizo lake ni matangazo tu. Kwa kujifunza mkono wa Photoshop bila kulipa, naiona bora kuliko kuiba.

SUALI: Mimi ni mzee, nimestaafu, nakaa Mkunazini. Mjukuu wangu aliwahi kunifundisha kutengeneza picha kwa Picasa, nikawa nafurahi nayo, halafu kompyuta ikafa na nikapumzika miaka. Sasa nimenunua nyengine na skana, Picasa siioni. Nina picha za rangi za familia za mwaka 1978 zote zimegeuka nyekundu, lakini picha za baba yangu nyeusi na nyeupe, za zamani kuliko hizo, zipo safi. Kwa nini, na nitumie nini? Moja imegandana na kioo cha fremu.
Babu, Mkunazini

JAWABU: Shikamoo babu. Picasa wenyewe Google waliacha kuiendeleza mwaka 2016, kwa hivo si wewe uliyeipoteza. Kwa kazi unayotaka chukua GIMP, ni ya bure, na mambo utakayohitaji ndani yake ni machache.

Wekundu unatokana na karatasi za rangi za miaka ile. Picha ya rangi imejengwa kwa rangi tatu zilizolaliana, ya samawati, ya zambarau nyekundu na ya njano, na katika karatasi nyingi za miaka ya 1970 ile ya samawati ndo iliyokuwa dhaifu, inakufa hata picha ikiwa imefungiwa kabatini, na joto na unyevu wetu huu wa pwani unaiharakisha. Samawati ikiondoka wekundu unabaki bila wa kuuzuia. Picha za baba yako hazina rangi za aina hiyo, mle weusi wake ni chembe za madini ya fedha, nazo zikisafishwa vizuri na studio zinadumu. Ndo maana ukipita Capital Art Studio pale Barabara ya Kenyatta, studio aloifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, unaona picha za Unguja ya zamani bado zina weusi wake na weupe wake.

Kabla ya yote hiyo ilogandana usiibandue, babu, tafadhali. Unyevu umeishikisha ile ngozi ya juu ya picha na kioo, ukiivuta sura inabaki kwenye kioo. Iache na kioo chake, iweke hivo hivo juu ya skana. Kama skana haiioni vizuri ipige picha karibu na dirisha mchana bila flashi, simama kidogo pembeni ili usijione kwenye kioo.

Nyengine zote futa vumbi kwa brashi laini kavu, usitie maji. Skana iweke 600 dpi (nukta kwa kila inchi), rangi 48 bit kama inayo, hifadhi TIFF, faili lisilopunguza ubora wa picha. Fungua kwenye GIMP, nenda Colors, halafu Auto, halafu White Balance. Hii inazinyoosha rangi tatu kila moja peke yake, na kwa picha ilogeuka nyekundu mara nyingi utashangaa, bahari inarudi bahari. Ikizidisha, irudishe nyuma ufanye kwa mkono: Colors, Levels, pale juu chagua Red, utaona mlima wa kijivu haufiki upande wa kushoto, isogeze ile pembetatu ndogo ya kushoto chini ya mlima mpaka pale mlima unapoanzia. Halafu Green, halafu Blue, hivo hivo pande zote mbili. Ukimaliza tazama kitu unachokijua rangi yake, kanzu, mchanga, kofia, na jicho litakwambia. Kanga zisikushughulishe sana kuzipata zilivyokuwa, uulize wakubwa waliopo, mara nyingi bibi anaikumbuka kanga ile na jina lake.

Mikwaruzo na madoa ya kuvu tumia chombo cha Heal, ukishikilia Ctrl unabonyeza pahala pazima karibu na doa, halafu unapaka juu ya doa. Sura za watu usizipake sana. Pua ya marehemu ikiliwa na kuvu, na huna picha nyengine yake, iache na doa kuliko kumtengenezea pua isokuwa yake.

Mwisho wa kazi toa JPG kwa Export upeleke ikachapwe. Picha ya inchi 4 kwa 6 ulioiskani kwa 600 dpi inakupa piseli 2400 kwa 3600, hiyo inatosha kuchapwa inchi 8 kwa 12 kwa ubora mzuri wa 300 dpi. Ukitaka kubwa zaidi ya hapo rudi skana kwa 1200. Na ile TIFF ya mwanzo kabisa, kabla hujaigusa, iweke kwenye diski mbili tofauti, moja kwako na moja kwa mtoto anayekaa nyumba nyengine.